Odhiambo, Kesi Yetu Imeisha Bila Wewe

Odhiambo, mtoto wa mama yangu,

Ni mimi kaka yako. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, darasa la pili lilinitosha. Wengine hapa Ahero wana vyeti, lakini hakuna mzee aliyesimama mbele ya hakimu mara nyingi kama mimi. Miaka saba. Hata karani wa korti alikuwa ananiita kwa jina.

Wewe unajua ilivyoanza. Mafuriko yalibeba mpaka wa katani aliopanda baba kati ya shamba lako na langu, maji yalipokauka kila mtu akauona mpaka mahali pake. Hatua ishirini tu za shamba, Odhiambo. Nikakimbilia Kisumu kwa wakili, akasema miezi sita. Korti ikakataza yeyote asiguse pale mpaka kesi iishe. Leo faili haionekani, kesho hakimu amehamishwa, kesho kutwa wakili wako mgonjwa. Nikauza maksai wawili wa plau nimlipe wakili. Ile ardhi ikaota magugu yakanipita kimo, na mimi si mfupi.

Siku ile ya mvua pale kortini ulinifunika na mwavuli wako. Hatukuwa tunasalimiana, lakini ulinifunika, bega lako likalowa. Ukasema, "Omera, ndugu yangu, tuigawe katikati, twende tukale." Mawakili walikuwa wameshaandika karatasi, imebaki sahihi. Nikakujibu nitaweka sahihi siku hakimu atakaposema ni yangu. Nilikuwa nimeshatangaza sokoni kwamba nitashinda. Ningerudi na nusu niwaambie nini watu? Ukacheka, ukasema, "Basi utakula hukumu."

Kisha malaria ikakuchukua kwa siku nne.

Odhiambo, kwenye matanga yako sikula. Wazee walisema ndugu wenye kesi hawali chungu kimoja, chira, laana ya kuvunja mwiko, itashika watoto. Watu wa Katito wasiokujua hata uso walikula wakashiba. Mimi niliyekubeba mgongoni nilikaa kando ya lango kama mtu wa kuuza kuku. Nikasikia mmoja akiuliza, "Yule mzee ni nani?"

Nilidhani kesi imekufa na wewe. Wakili akasema hapana, mkeo ataingia mahali pako, tutaendelea, na sasa huenda tukashinda. Huenda. Miaka saba nalipia huenda.

Mkeo, Mama Akinyi, akaja kortini amevaa koti lako, mikono imemfunika vidole. Akaniambia mbele ya mawakili wote, "Shemeji, chukua yote. Sina nauli ya kuja hapa tena."

Hilo ndilo neno nililolitafuta miaka yote hiyo. Nililipata, nikashindwa kulishika. Niliona lile koti tu. Nikamwambia wakili atafute ile karatasi ya zamani, ya nusu kwa nusu, kila mtu ajilipie gharama zake. Akanitazama kama nimerukwa na akili. Karani akaniletea wino wa kidole nikaukataa. Niliandika jina langu lote, polepole, wakanisubiri. Hakimu akaisoma, akaikubali, akaita kesi ya watu wengine. Hata uji haujapoa, kitu cha miaka saba kimeisha.

Wazee walitupatia manyasi, dawa ya kuondoa chira, tukanywa, mimi na mkeo na watoto, ili tuweze kula pamoja tena. Akapika kuon, ugali wetu, na samaki. Nikaketi nyumbani kwako. Tonge la kwanza lilikaa kooni, nikawaambia watoto ni mwiba. Haukuwa mwiba, Odhiambo. Ungenilaumu hata kidogo siku ile ya mwavuli, ningemeza.

Maksai sina, lakini jembe ninalo, na mikono hii bado inawashinda vijana. Nitalima nusu yako kwanza, halafu yangu. Akinyi na wadogo zake hawatasikia neno korti kutoka kwangu, na nimewaapisha wanangu mbele ya mama yao.

Lala, mtoto wa mama. Siku yangu ikifika, nipokee. Nitakuja bila wakili.

Kaka yako,
Ochieng'