Shamba la Honoré

Alhamisi, tarehe 3 Julai. Mvua ilipiga bati tangu alfajiri mpaka saa tatu, kisha jua likatoka na Kabondo yote, upande wetu wa mji, ikatoa mvuke mpaka jioni. Mikono yangu inauma. Miguu hapana. Miguu yangu haijawahi kuuma, na wewe unayesoma hii blogu tangu mwanzo unajua kwa nini.

Kwa wageni: mimi ni Idi, naendesha toleka, ile baiskeli yenye kiti cha sponji nyuma ambayo inabeba nusu ya watu wa Kisangani. Nimeshabeba mama mujamuzito pamoja na godoro lake, safari moja, mulima na materemko. Shule nilifika deuxième secondaire, mwaka wa pili wa sekondari, nikaona inatosha, nikawaachia wengine nafasi.

Leo naandika jambo ambalo limenifanya mujinga mbele ya mutaa muzima. Naandika mwenyewe kabla Furaha, jirani yetu, hajaandika.

Bon. Tuanze Jumatatu, sikukuu ya uhuru. Koko Zuhura, mama ya papa yangu, aliniambia asubuhi: "Bwana yangu, leo unipeleke Martyrs." Hapa kwetu koko anamuita mujukuu wake bwana yake, usicheke. Place des Martyrs ni ile bustani ya katikati ya mji, ya mashujaa wa uhuru na watu waliokufa katika miaka ya fujo iliyofuata. Koko amepita pembeni yake maisha yake yote akienda sokoni, lakini hakuwahi kuingia ndani. Safari hii alisikia kwamba jiwe la mashujaa limepakwa rangi mupya na maandishi yanaonekana.

Alivaa kitenge cha Idi, si mimi, ile Idi ya kuchinja. Nikamubeba mimi. Wenzake wawili, Mama Sifa na Mama Bernadette, walifuata kwa toleka za marafiki zangu, nikawaacha nyuma makusudi ili waone mugongo wangu.

Bustani ilijaa. Fanfare, bendi ya matarumbeta, ilipiga, watoto walikimbia na bendera za karatasi, bibi-harusi wawili waligombania kupiga picha kwenye kona moja. Makemba, zile ndizi kubwa za kuchoma, yalinukia mpaka barabarani. Wazee nao walikuwepo na hadithi zao. Kaa dakika tano na muzee yeyote wa mji huu, atakuambia mashujaa wote wa uhuru walikula kwa baba yake. Najiuliza hizo nyumba zilikuwa na sahani ngapi.

Mimi nikawa guide. Hakuna aliyeniomba. Niliwaonyesha mamans mulingoti wa bendera nikawatajia urefu wake, ambao siujui. Niliwaeleza jiwe lilitoka wapi, na hilo pia silijui. Walitikisa vichwa kukubali. Nilijisikia vizuri sana.

Alors, tukafika mbele ya jiwe lenyewe. Mistari minne ya Kifaransa. Koko anasoma Kurani kuliko mimi ninavyosoma ujumbe wa simu, lakini herufi za Wazungu hazijui, na wenzake vilevile. Wote watatu wakaniangalia.

Mustari wa juu ulisema: Morts au champ d'honneur.

Morts, najua, waliokufa. Champ, najua tangu primaire, shamba. D'honneur, hapo nikasimama kidogo. Mutaani kwetu tuna Honoré watatu. Nikafikiri: donc, aliyechonga hili jiwe amekosea herufi, watu wa siku hizi hawajui kuandika. Nikakohoa, nikatafsiri kwa sauti ya juu ili hata wale wa fanfare wafaidike:

"Walikufa kwenye shamba la Honoré."

Nyuma yangu musichana akacheka. Nikageuka. Furaha, wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, anayesoma droit, yaani sheria, pale université. Nikarekebisha kofia yangu. Nilijua tu siku moja atanichekea hivyo. Nilifikiri ni mapenzi.

Koko hakucheka. Alishika mukono wa shati langu, akauliza polepole: "Honoré wa Yahuma?"

Hapa lazima niwaeleze Ramazani.

Ramazani alikuwa kaka mukubwa wa Koko. Alibebaka mizigo kwenye uwanja wa ndege wa zamani, Simi-Simi, pamoja na rafiki yake mumoja aliyetoka Yahuma, jina lake Honoré. Siku ya uhuru alimuweka Koko mabegani, Koko akiwa na miaka minne. Watu wote walikuwa wanaimba Dipanda, Dipanda, yaani uhuru, na Koko aliamini Dipanda ni mutu na anakuja kwa ndege. Akasumbua: kaka, ni nani kati ya hawa? Ramazani akamuonyesha mama mumoja munene mwenye kofia nyekundu, akamuambia ndiye. Koko akamupungia mukono. Yule mama naye akapunga. Hiyo hadithi tumeisikia nyumbani mara mia, na kila mara Koko anacheka kama ni mara ya kwanza.

Miaka michache baadaye uasi ukaingia mjini. Asubuhi moja Ramazani alitoka nje, chai yake ikiwa bado moto, hakurudi. Wengine walisema alichukuliwa, wengine walisema alienda mwenyewe. Ukimuuliza Koko alikuwa upande gani, anakujibu: upande wa nyumba yake. Mwili haukuonekana, kaburi haliko, hakuna mutu aliyekuja kusema lolote. Honoré pia hakuonekana tena.

Kwa hiyo Koko alikuwa amenishika shati, anangoja. Ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi, hata mutu wa deuxième secondaire analimudu. Lakini mamans walikuwa wananiangalia, na Furaha yuko pale nyuma.

Nikasema: "Ndiyo, Koko. Huyo huyo wa Yahuma."

Naandika hiyo sentensi na masikio yanawaka moto.

Njia yote ya kurudi nilihisi kichwa cha Koko kimelala mugongoni kwangu, na mikono yake imenizunguka tumbo, kitu ambacho hafanyi, juu anasema toleka si kitanda.

Jumanne asubuhi Furaha alinisimamisha barabarani. "Honoré, habari ya shamba?" Nikacheka naye, sikuelewa. Akanielewesha. Honneur ni heshima. Hakuna Honoré, hakuna shamba. Ni namna Wafaransa wanavyosema mutu amekufa vitani, maneno ya kupamba tu. Kufika saa sita wenzangu wote wa toleka pale rond-point, kwenye mzunguko wa barabara, walikuwa wananiita Honoré. Mumoja aliniuliza muhogo utakomaa lini, na kama nahitaji kibarua. Hiyo niliweza kuvumilia. Mimi nawataniaka wote, siku yao nayo ilikuwa lazima ifike.

Kilichonishinda ni Jumatano.

Nilirudi nyumbani nikakuta Koko amefunga mufuko. Ndani yake: Kurani, chupa ya marashi, udi umefungwa kwenye karatasi, kitambaa cheupe kipya, na paketi mbili za chumvi za kuwapelekea watu wa kwa Honoré. Akanitangazia kwamba mimi ndiye nitamupeleka Yahuma kwa toleka, kwa sababu nimesema mwenyewe miguu yangu haichoki. Kwa wasiojua: Yahuma iko mbali kabisa upande wa magharibi, kuna muto, kuna pori, kuna matope ambayo hata pikipiki zinayalilia. Kwa mara ya kwanza miguu yangu ilinyamaza.

Halafu akasema jambo moja huku anakunja kitenge, wala hakuniangalia. "Miaka yote namuombea dua, na sijui niangalie wapi. Sasa iko na mahali."

Sikuweza kumuambia ukweli. Nikamuambia toleka imepata pancha. Kisha nikatoka nje nikaitoboa mwenyewe na musumari, ili nisiwe muongo.

Ndiyo, nilifanya hivyo. Hii ni blogu yangu, si baraza la harusi.

Leo asubuhi, mvua ikinyesha, nilikuwa bado nimejificha kwenye mukeka nikasikia sauti ya mwanaume uani. Fundi wa baiskeli. Koko alikuwa amemuita mapema, amemupa chai, na tairi limeshazibwa. Kwenye jiko kulikuwa na makemba ya kuchoma yamefungwa kwenye majani, ya safari, yangu mengi kuliko yake. Koko alikuwa anaimba. Nyinyi hamujamusikia Koko wangu akiimba. Mimi pia, kabla ya leo, sikuwa nimemusikia.

Nilingoja fundi aondoke. Nikakaa chini, kabisa chini, kwenye sakafu, nikamuambia yote. Jiwe, heshima, Furaha, musumari.

Koko akakaa kwenye kigoda. Akaniambia nirudie yale maneno ya Kifaransa, pole pole. Nikarudia.

"Hiyo honneur ni nini?"

"Heshima, Koko."

"Shamba ya heshima. Na iko wapi?"

"Haiko mahali, Koko. Ni maneno tu."

Maji yalidondoka kutoka kwenye bati, nikawa nahesabu matone. Nilitamani anipige, ana mukono muzuri wa kupiga, anaujua mugongo wangu. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Nikasema moyoni, Idi, umemuliza mama ya papa yako. Nikainua macho. Alikuwa anacheka. Meno yake yote manne yalikuwa nje.

"Ramazani alinionyeshaka Dipanda iko na kofia nyekundu," akasema. "Wewe unanionyesha shamba ya Honoré. Kweli munafanana. Damu moja."

Akacheka mpaka akajipangusa macho na ncha ya kitenge, na hapo niliona kwamba si kicheko peke yake kilichokuwa kinapanguswa. Akatazama ule mufuko muda murefu. Kisha akasimama.

"Bon. Kama haiko mahali, tutaiweka mahali. Leta jembe."

Nyuma ya nyumba yetu, kati ya mupapai na uzio wa jirani, kuna kipande cha ardhi ambapo tunatupaga makopo. Koko akapachora kwa fimbo: kutoka hapa mpaka hapa. Nikaokota makopo, nikaanza kulima. Udongo ulikuwa umelowa mvua, muzito kama abiria asiyetaka kushuka. Koko alikaa kwenye kigoda chake, akachoma udi, akasoma Yasini kwa moyo, bila kufungua kitabu, na macho yake yaliangalia sehemu moja tu: pale jembe linapoingia. Sikumuona akitafuta upande.

Mimi, ambaye siwezi kufunga mudomo hata msikitini, nililima tu mpaka sura ikaisha.

Alipomaliza, Mama Sifa na Mama Bernadette, ambao Koko aliwaita kwa simu, wakatokea na mafungu ya matembele ya kupanda, maana Ramazani aliyapendaka sana na samaki. Kumbe walikuwa wameshatangaza shamba la Honoré sokoni kote na hawakuwa tayari kubadilisha habari. Mama Bernadette alisema yeye hata alimuonaka huyo Honoré, mutu murefu, mweusi, mwenye adabu. Koko akamuuliza alivaa kofia ya rangi gani. Wakacheka mpaka jirani akachungulia juu ya uzio, akaombwa aingie, akaja na mbegu za ngai-ngai, ile mboga yenye uchachu, na mutoto mugongoni. Makemba ya safari ya Yahuma tuliyala palepale. Yalikuwa matamu kwa kweli.

Furaha naye akaja, juu hakuna kitu kinachompita. Akaegemea mupapai. "Honoré, unalima kama mutu anayeandika dictée ya mwalimu na kukosea kila neno."

Nikainama nikaendelea kulima. Andika hiyo tarehe ukutani.

Mwisho Koko akataka ubao. Nikapata kipande, nikachukua rangi nyeupe iliyobaki ya toleka yangu, nikaandika RAMAZANI. Herufi nane, nimeangalia kwenye simu mara tatu. Nikafungua mudomo kusoma, Koko akaninyoshea kidole ninyamaze. Akamugeukia Furaha: soma wewe. Furaha akasoma. Ramazani. Koko akafunga macho, akayafungua, akaridhika.

Kisha akaninyang'anya brashi. Akainama, na chini ya herufi zangu akaandika mustari wake mwenyewe, kwa herufi za Kurani, kutoka kulia kwenda kushoto, mukono haukusita hata mara moja, na mwisho akaweka nukta yake kama anabandika stempu. Akanirudishia brashi.

"Bwana yangu, soma."

Nikaangalia. Mamans wakaniangalia. Furaha akaniangalia. Ningeweza kubuni, si unanijua.

"Sijui, Koko."

Sijui kwa nini nilifikiri neno hilo litauma.

Furaha akasogea, akainamisha kichwa upande huu na upande ule, yeye na droit yake yote, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye pia hajui. Koko akapiga makofi mara moja. Akatupangia: kesho baada ya kazi, kigoda chake hapa, benchi yetu pale, ubao katikati, tunaanza na herufi ya kwanza. Mimi na Furaha. Benchi moja.

Ya kwanza inaitwa alif. Nimeiangalia vizuri kabla jua halijazama: ni mustari tu umesimama wima.

Hiyo tayari naijua.