Kamera Yenye Kiputo

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, shemeji naye mgongo umempa nafuu, na wapwa zangu wanasoma bila kupigana. Mimi sijambo. Kifua kimepona, meno yaliyobaki yako mahali pake, na kiwandani bado wananitaka, ingawa mkuu wa zamu husema kila mwaka kwamba huu ndio wangu wa mwisho.

Barua yako niliipata. Niliisoma mara tatu, mara mbili nikiwa nimesimama. Nimeelewa kwamba matroni wa hospitali yenu ni mjane mwenye heshima zake, hana makuu, na kabla ya kusema lolote anataka kwanza kuiona sura yangu. Nimeelewa pia kwamba miaka sita tangu mke wangu atutoke inatosha, na kwamba mwanamume anayekula akiwa amesimama jikoni ni wa kuhurumiwa. Uliagiza picha moja, inayoonekana vizuri, na nisikunje uso. Sasa naomba ukae nikueleze kwa nini picha imechelewa miezi miwili.

Kwanza nilikwenda studio, kama ulivyosema. Mpiga picha akaniambia nitabasamu. Nilipotabasamu, akasema basi, niache tu. Picha ilipotoka nilifanana na mtu anayetafutwa na polisi wa nchi mbili. Niliichana nikiwa bado mlangoni.

Hatua chache kutoka hapo kuna duka la kamera za zamani, la mama mmoja wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Nilimweleza kwamba nataka kamera ya bei rahisi ya kupigia picha nyumbani kwa utulivu, bila mtu wa kuniamuru kutabasamu. Akaniwekea mezani kamera tatu za plastiki, nyepesi kama vibweta vya sabuni. Ya kwanza ina lenzi nne, ukibonyeza mara moja inakutolea vipicha vinne. Nikamwambia dada yangu ameagiza sura moja. Ya pili inatumia filamu pana, na fundi pekee aliyejua kuisafisha hapa mjini amehama. Ya tatu ni nyeusi, inatumia filamu ya kawaida, na ina kitufe chenye alama mbili, jua na wingu. Nilipouliza tofauti yake, mama akasema kwa unyoofu kabisa kwamba hakuna, kitufe ni cha kumpa mtu kazi.

Unajua ninachofanya kiwandani. Miaka thelathini na moja nimekaa mbele ya taa, chupa zinapita, nami natoa yenye kiputo, yenye ufa na yenye shingo iliyopinda. Basi nikaiinua ile kamera kwenye mwanga. Lenzi ni plastiki, na ndani yake kuna kiputo cha hewa kama punje ya mchele. Mfuniko wa nyuma unacheza kama jino la mtoto. Nikamwambia mama kwa adabu kwamba kitu hiki kwetu kisingepita hata meza ya kwanza. Alicheka mpaka miwani ya kichwani ikateremka kuifuata ya machoni. Akanieleza kwamba watu wanainunua kwa sababu hiyo hiyo: mwanga unapenya pasipotakiwa, pembe za picha zinaingia giza, na kila moja inakosea kwa namna yake, huwezi kupata picha mbili zinazofanana. Akanishauri nisichague kwa sura. Nichague ile ambayo filamu yake naipata kwa urahisi, nisikilize kama inalia kila ninapobonyeza, halafu ninunue utepe mweusi wa mafundi umeme niuzibe ule mfuniko.

Alikuwa nazo tano za aina ile. Nilizikagua moja moja kwenye mwanga mpaka akaniuliza kama nanunua kamera au naiajiri. Mwisho nikairudia ile yenye kiputo. Sijui nikuambieje, dada. Nilishika kitu kibovu, na mkono ukakataa kukitupa.

Picha za filamu ya kwanza zilitoka nyeusi zote. Kamera hii unachungulia kwenye kidirisha cha pembeni, kwa hiyo unaona kila kitu hata kama hujatoa kifuniko cha lenzi. Mimi sikukitoa.

Kwa filamu ya pili nilihitaji mtu wa kunipiga. Chini ya chumba changu kuna yule fundi cherehani uliyesalimiana naye ngazini ulipokuja, mama mwenye futi shingoni na pini mdomoni. Naye aliachika zamani na anaishi peke yake. Nikamwomba, akakubali, lakini akaninyoosha kola kwanza. Alinipiga picha kumi na mbili. Ziliposafishwa, zilikuwa kola kumi na mbili. Kichwa hakuna hata kimoja. Nilipomwonyesha hakuona tatizo. Alisema kola imekaa vizuri sana.

Tukajaribu tena. Safari hii nikasema si haki afanye kazi ya bure, kwa hiyo nimpige yeye kwanza akiwa cherehanini, halafu nimpe kamera anipige mimi. Sasa kamera hii ukishapiga lazima uzungushe kigurudumu kwa kidole ili filamu isogee. Usipozungusha, inapachika picha ya pili juu ya ya kwanza bila kulalamika. Ndivyo ilivyotokea. Nimekaa kwenye kiti, cherehani inatokea kifuani mwangu, uzi unapita sikioni, na uso wake umeegemea bega langu, anacheka. Sura yangu inaonekana yote, na sijaikunja.

Aliitazama, kisha akasema, "Hapa nimeposwa au nimeibiwa?"

Nikajieleza kwamba nilisahau kuzungusha. Akaibandika ukutani, kati ya karatasi za vipimo vya wateja, na balaa likaanza. Kila aliyekuja kuchukua nguo alimpa hongera. Mwenye nyumba alinisimamisha ngazini akaniuliza ni chumba kipi tutakachorudisha. Kiwandani mkuu wa zamu aliagiza soda kwa ajili yangu, nikainywa, kwa sababu ilikwisha kufunguliwa. Nikashuka kumwomba fundi aitoe ile picha. Akanijibu na pini zake mdomoni kwamba akiitoa watu watasema tumeachana.

Dada, sasa nifike kwenye lile lililonikalisha kuandika. Sikusahau. Mtu ambaye miaka thelathini na moja hajapitisha chupa yenye ufa hasahau kigurudumu. Kidole kilikuwa juu yake, nikakiondoa. Sikuwa nimepanga. Nilimwona anavyocheka pale kwenye kidirisha, na sikutaka filamu isogee.

Jumapili alasiri lilinishinda. Nikashuka, nikamwambia ukweli wote, jasho linanitoka kama siku ya usaili. Aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi, ndipo akanitazama. Akasema siku zote alikuwa anajua. Mtu anayekula kwa gurudumu husikia likizunguka na husikia lisipozunguka. Siku ile nilipompa kamera alisubiri nizungushe, akaona kimya.

"Nami nikabonyeza," akasema.

Basi tumekubaliana. Ninaogopa barua yako kuliko nilivyomwogopa yeye, lakini imeshakuwa. Umwombe radhi matroni, mwambie mdogo wako ni mtu asiyefaa, atakuamini akiona kola zile kumi na mbili, nazo nimezitia humu. Picha uliyoagiza pia imo, nakala ya ile ya ukutani. Usijaribu kunikata nibaki peke yangu. Popote utakapopitisha mkasi, utamkata na yeye.

Msalimie shemeji, na wapwa zangu uwaambie mjomba anawakumbuka. Fundi anakusalimu sana, amesema anakuogopa lakini uje.

Ni mimi mdogo wako, ninayekula nimekaa.