Nyota za Papa Déo

Jumatatu, 2 Juni
Papa Déo ametoka tena kabla ya chai. Tangu dispensari imuwekee ile programu ya ugonjwa wa sukari kwenye simu, mume wangu amekuwa kijana. Dawa anameza bila kusukumwa. Anapanda na kushuka vilima vya Kadutu, simu inahesabu, jioni inampigia makofi: "Bravo, Papa! Umepata nyota." Wagonjwa wote wanapangwa kwa nyota zao. Yeye ni wa pili. Wa kwanza ni maman mmoja wa Nyantende. Hampendi hata kidogo, na hajawahi kumuona. Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Alhamisi, 12
Amekuwa wa kwanza! Ameambia soko zima. Nimempikia samaki, ugali kidogo tu. Nafurahi, jamani. Mwaka jana nilikuwa nimeshajiona mjane.

Jumanne, 17
Harufu chumbani. Nilidhani panya amefia chini ya kitanda. Nimefagia. Hakuna kitu.

Jumatano, 18
Si panya. Ni mguu. Nimemvua soksi kwa nguvu. Chini ya kidole kikubwa kuna shimo, jeusi. Viatu vipya vilimkata na hakusikia maumivu, sukari imeua nyayo zake. Lakini aliliona. Wiki nzima analiona, ananyamaza! Eti muuguzi angemkataza kutembea, na yule maman angempita. Mungu wangu. Mtu muzima! Fundi wa nguo, na cherehani yake ni ya kukanyaga. Nimemtukana. Kisha nimelia.

Ijumaa, 20
Hospitali. Watakata chini ya goti. Leo hii. Nimetia sahihi. Simu yake ikalia mfukoni mwangu: "Papa, leo hujatembea. Usikate tamaa!" Nilitaka kuitupa ziwani.

Jumapili, 6 Julai
Tuko nyumbani. Anaangalia ukuta. Hataki misa, hataki wageni. Dawa nampa, anatema. Naogopa sana. Akiendelea hivi watakata na wa pili, ama nitamzika.

Jumatano, 9
Asubuhi ameniita, kwa upole. "Maman Déo, beba simu. Zunguka nayo kidogo mu lupango. Nikiona iko inahesabu, nitameza."

Nilitaka kupiga kelele. Nikaibeba. Nimezunguka ua wetu, ukuta hadi ukuta, yeye akinitazama dirishani. Nilipoingia alikuwa amemeza.

Nikatoka, nikazunguka tena.