Kahawa ya Shule

Marangu, mwezi wa nane

Dada Mektrida,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, na goti la mama limepoa kidogo. Mimi sijambo, ila mgongo unalalamika, na ukungu wa huku unashuka mpaka mlangoni.

Bado niko kwa Mzee Eliezeri. Nakata majani, nakamua, na sasa kahawa imeiva, nachuma. Wenyewe wakikaa pamoja wanaongea Kichagga, nami nabaki na ng'ombe, ambao nawasemesha Kimatengo chetu. Juzi Bibi Hellen, mke wa mzee, alinilaumu kwamba nimemharibia mifugo, akiwaita kwa Kichagga hawageuki. Alisema siku nikiondoka nimwachie mkalimani. Nilicheka naye. Baadaye nikakumbuka kwamba wiki nzima sikuwa nimezungumza na mtu kwa muda mrefu kama huo.

Ujumbe wako kuhusu Salvina nimeupata. Sikukupigia kwa sababu simu yako husikilizwa na nyumba nzima. Unasema mwalimu mkuu alikuita, akakueleza kwa upole kwamba mwanangu amekuwa wa mwisho kwenye mtihani wa majaribio, na kwamba mtihani wa darasa la saba ukifika ingefaa apumzike nyumbani, asishushe wastani wa shule. Ukaongeza kwamba tusimtese mtoto, kichwa amerithi kwangu.

Jumapili kanisani hapa watoto wa darasa la saba walisimamishwa mbele wakaombewa. Priska, mjukuu wa mzee, alikuwamo. Yeye ana mwalimu wa jioni na taa ya umeme. Salvina anasoma akishatoka kuteka maji, na karatasi watapewa ile ile. Sisemi ni haki. Sijui hata kama karatasi moja inatosha kumpima mtoto. Bibi Hellen aliniuliza kama nami ninaye wa kuombewa, nikaenda kukata majani.

Jana nilikuwa nageuza kahawa kwenye kichanja cha kuanikia, nikaiacha nikaenda kutafuta kalamu. Dada, nyumbani wote mnajua nilifeli darasa la saba. Baba alikufa akijua hivyo. Sikufeli. Sikufanya mtihani. Siku ile ya mtihani Mwalimu Filemon alinichagua nikalinde kahawa ya shule iliyoanikwa kule bondeni, akasema kazi hiyo hapewi mtu asiyeaminika. Nilifurahi, nikavaa sare iliyofuliwa. Wenzangu waliandika, mimi nilifukuza mbuzi. Matokeo yalipobandikwa, mbele ya jina langu hapakuwa na alama, ndipo nikaelewa kwamba niliondolewa nisishushe wastani. Niliona afadhali mniite mjinga aliyefeli kuliko mjinga aliyefurahi.

Mpaka leo sijui ningepata nini. Kama ningefeli kweli, ningekuwa nimeshasahau.

Kwa hiyo mwambie mwalimu mkuu kwamba baba wa mtoto amekataa. Salvina aende. Mchemshie yai asubuhi, umsindikize mpaka mlangoni pa darasa, na usigeuke mpaka uone ameketi. Akifeli, afeli mwenyewe, kwa mkono wake.

Mama mpe pole zangu, na majirani wote wanaoniulizia uwape salamu. Salvina mwambie huku kuna ng'ombe wanaosikia Kimatengo, na kila asubuhi nikikamua nawatajia jina lake.

Ni mimi mdogo wako,
Wenseslaus Kinunda