Soko Langu Liko Juu ya Mnazi

Dada Mwajuma,

Shikamoo. Leo usipoitikia sitanuna, ila ujue nimeitoa kwa sauti, mpaka mke wangu Zena kauliza naamkia nani. Nimemwambia nyamaza, naongea na mkubwa wangu.

Nimeshinda, dada! Tulia huko uliko nikusimulie mwenyewe, maana watu wa hapa Temeke wataisimulia kwa wivu.

Kabla hujakata kauli ulinishika mkono ukasema, "Mshamu, wanangu wasitawanywe." Baba yao alikwishatangulia, wa kuitikia nilikuwa mie tu. Nikaitikia. Arobaini yako ilipopita, akaja wifi yako Bi Sauda, dada wa marehemu mumeo, na buibui lake la hariri kutoka Kariakoo. Akawatazama watoto miguu kama anayenunua kuku. Akasema mbele ya watu, "Mkwezi wa minazi atawalisha nini hawa? Mwaka ukiisha nitakuja. Nikiwakuta wamekonda, Asha namchukua mie, Omari aende kwa baba yake mdogo Kilwa, na huyu Tatu atatafutiwa wa kumlea."

Tatu, dada! Alikuwa bado analala na pindo la kanga yako mdomoni.

Nikamjibu kwa kishindo kwamba watakula kuliko watoto wa liwali. Ndani hata unga hamna.

Kazi yangu unaijua. Mkwezi halipwi fedha, hupewa nazi kwa kila mnazi aliopanda. Na mie si mkwezi wa kubahatisha. Ule mnazi wa nyuma ya msikiti niliupanda mpaka nikaona wanawake wa Unguja wanaanika karafuu, na mmoja alikuwa kachanganya na makonyo, vile vijiti vyake, ili zizidi uzito. Anayebisha apande mwenyewe. Lakini nazi tupu hailishi mtoto, na dukani kila kitu kinataka fedha. Na kitu chenyewe ni kipi? Unga mweupe uliokobolewa ukabaki vumbi, maziwa ya kopo, mkate uliojaa hewa.

Unakumbuka baba alivyonifunza? Kabla ya kupanda unapiga kelele, "Mkwezi huyooo! Wa kujisitiri ajisitiri!" Na ukiwa juu unatazama nazi, hutazami nyua za watu. Nimeishika adabu hiyo tangu ujana. Basi asubuhi moja niko juu kwa Bi Mwamvita, jicho moja likaniponyoka. Likaangukia maboga. Yamejazana nyuma ya choo chake, moja kubwa kama ng'ombe aliyelala, na majani mabichi hayana mchumaji. Nikasema, subhanallah, tumekatazwa kutazama watu. Maboga hatukukatazwa.

Nikashuka. Nikamwambia, bibi, nazi zangu hizi, nipe boga na majani.

Akanikazia macho. "We Mshamu, umejuaje kama nina maboga? Umeniona nakoga?"

"Bibi, ningekuona unakoga ningeanguka zamani."

Alinitupia kifuu cha bega. Kisha akanipa maboga, na lile la ng'ombe nililiviringisha mpaka nyumbani, njia ile hadi leo haioti majani.

Tangu siku hiyo soko langu liko juu. Nikifika kileleni naikagua Temeke yote, kwa nani mbaazi zimekomaa, kwa nani kisamvu kimechipua, kuku wa nani anatagia kichakani na mwenyewe hana habari. Yule Mwarabu wa ng'ombe njia ya Keko nilimwona anawamwagia mbwa maziwa yaliyoganda. Sasa napanda minazi yake, na kila Ijumaa natoka na kibuyu cha mtindi. Mtama nabadilishana na wakulima wa Mbagala wakati wa mavuno. Zena anausaga na maganda yake, hatupi kitu, na machicha ya nazi tunawapa kuku wetu. Majirani wakatucheka eti kwa Mshamu wanakula vyakula vya bibi zao. Sie tukawa tunatafuna tu.

Mwaka ukaisha. Nilikuwa mnazini nilipouona mwavuli wa Bi Sauda unakuja. Niliteremka kwa kasi mpaka mti ukafuka moshi. Nikamkuta mkekani, na mkate wake na kopo lake. Zena hakuwa ameandaa chakula cha mgeni, kilikuwa kile cha siku zote, ugali wa mtama, kisamvu cha nazi na kunde, mayai.

Akamwita Tatu, akamkatia mkate, akaupaka maziwa ya kopo. Tatu akauma, akachungulia ndani. "Shangazi, mbona hamna kitu?" Akarudi kwenye sinia.

Bi Sauda akamminya Asha mkono. Akamtuma Omari akimbie hadi barabarani na kurudi, na pumzi akarudi nazo. Akataka kumnyanyua Tatu, akashindwa, akakaa chini kwa kishindo. Hapo akaonja kisamvu. Akaonja tena. Akavuta sinia.

Lilipobaki jeupe akanawa, akasema, "Mshamu, wabaki hapa. Wote."

Wote, dada. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikajifanya natafuta panga. Nilikulilia kuliko siku ya maziko.

Juzi karudi na mjukuu wake mwembamba kama utambi. "Huyu naye nilishie. Nyumbani anachagua mpaka maji." Nimempokea. Sikucheka, ila kwa kisogo.

Basi pumzika, dada yangu. Nakuahidi, maadamu magoti haya yanakamata mti, wanao watakula sinia moja. Magoti yakichoka nitapanda kwa meno.

Naishia hapa. Zena kaipua wali, na uani nawasikia Tatu na Asha wanagombea ukoko. Wewe ndiye uliyekuwa ukiwaamua. Ngoja niende.

Mdogo wako,
Mshamu