Kidonda ya dragon

Larissa, niko na haya, sitarudia tena kwabo Eddy ku Mangobo.

Mimi na Eddy tulikuwa tunacheza karata za vita. Karata yake ya dragon, lile joka, inakufa na mapigo ine. Nikaipiga mbili, tour yangu, ile zamu, ikaisha, ya pili nikaipiga tena mbili. Nikasema bon, imekufa.

Eddy anasema hapana, tour ikiisha kidonda yote inafutika, dragon inaamuka muzima.

Mimi nikapandisha sauti: kidonda haiponake hivyo, uliza kaka yako mukubwa Nzanzu, mwenye kidonda kule lopitali ya Goma.

Nilisema vile, Larissa. Na kinywa yangu.

Eddy akakasirika: «Nzanzu hakupona. Walimuzika jeudi iliyopita.»

Mama yao alikuwa pembeni yetu, anakata majani ya pondu. Kisu ikasimama.

Hakuna mutu alikuwa amemuambia.