Nailoni ya Viti vya Gari

Baba Eliana,

Ugali nimeufunika kwa sahani, mlenda uko kwenye sufuria ndogo. Ufunguo wa nyumba uko kwa jirani. Eliana akitoka shule asikae nje na njaa.

Nimekwenda Sepuka na kaka Peniel kumchukua mama tumpeleke hospitali. Ndiyo, kwa lile gari lake la mtumba ulilolicheka Krismasi mbele ya wageni, ukisema tangu biashara ya nje ifunguliwe nchi imejaa masalia ya Wajapani, na mwenye akili hununua gari jipya kama wewe. Leo tumelisukuma mpaka kwa fundi cherehani ndipo likawaka. Lakini limewaka.

Nilianza kukuomba wewe. Nilikuambia mama anatapika tangu juzi, baiskeli hawezi kupanda. Ukanijibu viti bado vina nailoni, na barabara ya Sepuka ni vumbi tupu. Kisha ukapanda baiskeli yako ukaenda kazini, gari ukaliacha uani limefunikwa turubai kama mgonjwa wa homa. Mgonjwa mwenyewe je?

~~Nitarudi kesho jioni.~~ Nitarudi mama akipona.

Yule jogoo uliyemfunga kwa ajili ya mwinjilisti atakayekuja Jumapili kuliombea gari, nimeondoka naye. Ni supu ya mama. Mwinjilisti mpikie maharage. Akikuuliza aliombee nini, mwambie ukweli: aombe siku moja libebe mtu.

Mama Eliana